Wiki Tatu za Kumgeuzia Kipepeo Uso

Kituoni walimwita Mama Tiki. Si kwamba alikuwa na mtoto wa jina hilo. Mtoto hakuwa naye kabisa. Jina lilitokana na fomu zake, alizozunguka nazo kifuani mchana kutwa akitia tiki hapa na tiki pale. Fulani ametupa kiatu, tiki. Fulani amejing'ata mkono, tiki. Fulani amekaa dakika tano bila kupiga kelele, tiki na tabasamu juu. Kwenye mkataba wake iliandikwa kwamba yeye ni mchambuzi wa tabia, lakini wenzake hawakuwa na nafasi ya maneno marefu namna hiyo. "Mama Tiki, kimbia huku, kimenuka!" waliita, naye alitokea mbio, kalamu ikiruka shingoni kwenye uzi wake.

Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ndefu ya ghorofa moja, rangi imebabuka kwenye kona zote zinazofikiwa na mabega. Humo walishinda watu wazima thelathini na kitu ambao familia zao hazikuweza kuwaacha peke yao nyumbani: wasiosema, wanaokimbia wakisikia pikipiki, wanaolia bila mtu kujua wanalilia nini. Walikuja saa mbili asubuhi na kurudi kwao saa kumi. Kulikuwa na chumba cha kazi walimokunja maboksi, ukumbi wa kula, na chumba kidogo chenye magodoro ukutani kwa ajili ya siku mbaya.

Kipepeo alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikuwa mrefu, mwenye shingo ya kupendeza, na tangu azaliwe hajawahi kutamka neno. Akifurahi, viganja vyake vilipepea karibu na masikio, ndiyo maana mama yake akampa jina hilo na likashika. Alipoletwa mara ya kwanza, miaka mitatu nyuma, mikono yake yote miwili ilikuwa imejaa alama za meno yake mwenyewe. Mama Tiki alikaa naye miezi minane. Akamfundisha kadi za picha, moja moja, kwa subira ya mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano: ukitaka maji, nipe picha ya kikombe, ukitaka kutoka nje, nipe picha ya mlango. Siku Kipepeo alipotembea mwenyewe mpaka kwake na kumwekea mkononi picha ya kikombe, Mama Tiki alijifungia stoo akalia kama aliyefiwa.

Kujing'ata kulikoma. Mkuu wa kituo akawa haachi kumtaja Kipepeo mbele ya kila mgeni. Naye mama mtu, mshonaji mjane aliyemzidi Mama Tiki kwa miaka kama kumi na tano, akaanza kumwita "mwanangu" na kumtumia magauni ya kushonwa kwa mkono wake, bila hata kumpima, na yote yakamkaa sawasawa.

Halafu Jumatatu moja balaa likaingia bila kubisha hodi. Saa tatu asubuhi, katikati ya kukunja boksi, Kipepeo alikunja ngumi akajipiga shavu la kulia. Akajipiga tena. Boksi likaanguka, na watu watatu wakamrukia kumshika mikono.

Mama Tiki hakupaparika. Alikuwa na njia yake na aliiamini kama fundi anavyoamini rula. Kila tendo, alizoea kuwaambia walezi, lina kinacholitangulia na kinachofuata. Ukivijua hivyo viwili, umeshajua mtu anataka nini. Akakaa pembeni siku mbili nzima, akatazama na kuandika. Mara arobaini na moja Kipepeo alijipiga. Katika hizo, mara thelathini na tatu walezi walimkimbilia, wakamkumbatia, wakambembeleza, na kazi ya maboksi ikaishia hapo. Picha ilikuwa wazi. Msichana amegundua kwamba ngumi moja inaleta watu watatu.

Fomu yake ilikuwa na swali la kwanza juu kabisa, kabla ya yote: Je, afya imeangaliwa? Swali hilo aliliweka yeye mwenyewe, kwa wino mzito, maana alifundishwa asianze kazi kabla ya kulijibu. Akamwita tabibu wa zahanati ya jirani. Tabibu alikuja mchana akiwa na haraka zake. Akamulika masikio, akagusa paji la uso. Alipotaka kuona kinywa, Kipepeo alibana meno na kugeuza kichwa. Tabibu akajaribu mara mbili, akatazama saa, akaandika: Hana homa. Mzima.

Mama Tiki aliisoma ile karatasi. Aliona kabisa kwamba kinywa hakikufunguliwa. Lakini kulikuwa na watu wengine sita wanaomsubiri, na picha yake ilikuwa imeshakamilika kichwani. Akatia tiki.

Alhamisi akamwita mama mtu na walezi wote ofisini. "Tutaweka mto wa sponji kati ya ngumi na uso, asiumie," akaeleza. "Lakini hakuna kumkumbatia, hakuna kumsemesha, hakuna hata kumtazama. Uso unageuza kando. Akitulia sekunde kumi, hapo ndipo unampa macho yako yote na maneno matamu. Atajifunza kwamba utulivu ndio unaoleta watu."

Mshonaji alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani. "Yaani mwanangu anajipiga, na mimi nigeuze uso?"

"Najua ni kazi ngumu, Mama."

"Si kazi ngumu, mwanangu. Ni kazi ya mtu asiye na moyo."

"Mara ile ya mikono, ulinikatalia pia. Unakumbuka?"

Mshonaji alikumbuka. "Basi. Wewe hujawahi kunidanganya."

"Kitu kimoja tu," Mama Tiki akaongeza, akiwageukia na walezi. "Tabia itapanda kwanza kabla ya kushuka. Kila mara huwa hivyo. Anatafuta ile njia ya zamani, anabisha pale pale kwa nguvu zaidi. Msikate tamaa hapo katikati, mkikata mtaharibu yote."

Ikapanda kweli. Wiki ya kwanza ngumi zilifika sitini kwa siku, na Mama Tiki akasema, mnaona? Wiki ya pili zikafika mia na kumi. Kipepeo alijifunza kuukwepa mto. Alijipiga kwa kifundo cha mkono, kwa goti, kwa ukingo wa meza. Shavu likavimba, jicho la kulia likawa jekundu. Walezi waligeuza nyuso zao ukutani kama walivyoambiwa, na wengine walikwenda kulia chooni.

Mlezi mkongwe kuliko wote, ambaye kila mtu pale alimwita Shangazi, alimvizia Mama Tiki kwenye korido. "Mwanangu, mimi sina elimu yako. Lakini huyu mtoto chakula hakitafuni. Anakimeza kama dawa. Na kadi ya maji analeta mpaka nimechoka kuhesabu. Nikimpa kikombe hanywi, anakizungusha zungusha usoni."

"Anatafuta umwangalie, Shangazi. Kadi ni njia yake nyingine ya kukuita."

"Haya," Shangazi akajibu, lakini hakuondoka. "Na uvimbe huu?"

"Ngumi mia kwa siku, usivimbe?"

Alisema hivyo kwa upole, na aliamini. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye. Laiti angekuwa mkali au mzembe, angejua pa kujilaumu. Alikuwa anakuja saa moja asubuhi na kuondoka wa mwisho. Alikuwa amepungua mpaka magauni ya mshonaji yakaanza kumpwaya. Alimpenda yule msichana, na kila siku alimtazama akiumia na kusema: bado kidogo.

Wiki ya tatu maji yakamfika shingoni. Jumanne Kipepeo alijigonga kwenye mlango, na damu ikaruka mpaka kwenye maboksi. Ndugu za wengine wakaanza kuja juu. Jumatano Mkuu akamwita Mama Tiki na kufunga mlango.

"Ijumaa tunampeleka Nyumba Kubwa," akasema. "Kamati ya kituo imeshakubali. Mimi nimekukingia kifua vya kutosha."

Nyumba Kubwa ilikuwa nje ya mji, nyuma ya ukuta mrefu. Mama Tiki aliwahi kukaa kule mwezi mmoja akiwa mwanafunzi. Alijua vitanda vilivyofungwa sakafuni kwa bolti, na mikanda yake, na harufu ya dawa ya sakafu iliyoshindwa kuficha harufu nyingine. Alijua pia kwamba katika mwezi ule hakuona mtu hata mmoja akitoka.

"Nipe wiki moja, Mkuu. Nakuomba."

"Umekuwa nazo tatu."

"Siku mbili, basi."

"Una kesho."

Alitoka pale akarudi ofisini kwake. Akafungua fomu zote mezani, tiki elfu moja na mia ngapi sijui, akazisoma mpaka zikaanza kucheza machoni. Kila alipotafuta kosa, mahesabu yalimjibu kwamba yuko sahihi.

Alhamisi Kipepeo alibaki nyumbani, kwa kuwa kituo kilikuwa kimeshamkataa. Mama Tiki alifika kwa mshonaji saa tano. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na baraza. Chumba cha mbele ndicho cha kazi, na ndani yake palikuwa na cherehani, meza ya kukatia, sare za shule zimelundikwa mpaka dirishani, na ukutani ule ubao wa kadi za picha ambao Mama Tiki alikuwa ameupigilia mwenyewe. Hakumwambia mshonaji habari ya Nyumba Kubwa.

"Nataka kumwangalia tu, Mama. Wewe shona kama kawaida. Asikuone ukimtazama."

Mshonaji akakanyaga cherehani. Nyuma yake binti yake alianza kujipiga, ngumi ikitoa ule mlio mzito, na mama hakugeuka. Aliendelea kunyoosha kitambaa chini ya sindano, machozi yakimdondokea juu ya kola ya shati la mtoto wa mtu. Alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko walezi wote.

Mvua ikaanza ghafla. Mshonaji akaruka kwenda kuanua nguo uani. Mama Tiki alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa chumba cha kulala, amesimama kimya kama maji mtungini. Kwa mara ya kwanza katika wiki tatu Kipepeo alikuwa chumbani peke yake, au alidhani hivyo.

Sasa ataacha, Mama Tiki akawaza. Hakuna wa kumtazama. Ataacha.

Kipepeo alijipiga mara tano. Hakutazama mlangoni, wala hakusikiliza kama kuna anayekuja. Alitoa sauti ndogo, nyembamba, kama ya mlango unaofunguka polepole. Kisha akaenda kwenye ubao, akabandua picha ya kikombe, akazunguka nayo chumba kizima akitafuta mkono wa kuiweka. Hakukuwa na mkono. Akaiweka juu ya cherehani. Akaisogeza mbele kidogo, kama anaisihi. Akangoja.

Cherehani haikumjibu. Akanyoosha mkono mezani akachukua mkasi mkubwa wa kukatia. Mguu wa Mama Tiki ukawa umeshatoka nje ya pazia, lakini Kipepeo hakufanya alichokiogopa. Alilaza ule mkasi, chuma chote cha baridi, juu ya shavu lililovimba. Akafumba macho. Akatulia. Alisimama hivyo, amebana chuma usoni, mabega yakishuka taratibu, na kwa muda wa dakika nzima hakujipiga hata mara moja.

Mama Tiki akakumbuka maneno ya Shangazi. Kikombe cha maji ya baridi anachokizungusha usoni. Chakula kinachomezwa bila kutafunwa. Akatoka nyuma ya pazia, akamsogelea mpaka uso kwa uso, jambo ambalo yeye mwenyewe alilipiga marufuku, na pumzi ya Kipepeo ikamfikia. Ilikuwa harufu ya kitu kilichooza.

"Mama!" alipiga ukelele. "Mama, njoo! Acha nguo, njoo!"

Hospitali walimlaza usingizi ndipo wakaweza kumfungua kinywa. Daktari wa meno alikuwa mwanamke kijana, na alipotoka alivua barakoa akakaa kwanza kabla ya kusema. Gego la nyuma lilikuwa limeoza mpaka kwenye mzizi, usaha ukaingia ndani ya mfupa wa taya. "Wiki moja zaidi tungekuwa tunazungumza habari nyingine," akasema. "Sijui alivumiliaje. Mtu mzima mwenye kusema angekuwa amevunja mlango wangu siku ya kwanza."

Mama Tiki akasimama pale akizipitia kadi kichwani. Maji, choo, chakula, mlango, redio, blanketi, hapana, basi. Zilikuwa ishirini na sita. Alizifundisha zote kwa mkono wake, na hakuna hata moja ya kusema naumwa.

Lakini hayo hayakuwa mwisho. Kesho yake akaja daktari wa macho. Ngumi na kingo za meza zilikuwa zimebandua utando wa nyuma ya jicho la kulia.

"Alianza lini kujipiga karibu na jicho?" akauliza.

"Wiki ya pili," Mama Tiki akajibu. Alikuwa na fomu. Angeweza kumpa hata saa.

"Mngemleta wakati ule, tungejaribu kitu. Sasa hilo halitaona tena."

Mshonaji alikuwa amekaa kwenye benchi la korido. Mama Tiki alimfuata, akapiga magoti mbele yake kwenye sakafu yenye unyevu, akamweleza yote. Hakuficha tabibu ambaye hakuona kinywa, wala tiki aliyotia, wala maneno ya Shangazi, wala Nyumba Kubwa. Alieleza kwa maneno mafupi.

Mshonaji alisikiliza mpaka mwisho. "Nilikuwa namsikia," akasema. "Kila usiku nilikuwa namsikia anavyolia, na nilijua. Mama anajua kilio cha mwanawe. Nikasema, hapana, yule amesoma. Nikageuza uso, Mtaalamu. Wiki tatu."

Hakumwita mwanangu. Mama Tiki alilisikia lile neno Mtaalamu likimpiga kama kofi, na hakuwa na haki ya kulalamika.

Mkuu, kwa upande wake, alikuwa na furaha ya kuchanganyikiwa. Alikuwa ameshaandaa ripoti kwa kamati, mistari minne: kwamba tabia ya mhusika ilisababishwa na maumivu ya jino, kwamba chanzo kiligunduliwa na mchambuzi wa tabia kwa uangalizi makini, kwamba mhusika anapata nafuu. "Weka sahihi hapa," akasema. "Hakuna neno la uongo humo."

Ni kweli, halikuwemo. Mama Tiki aliisoma mara tatu akitafuta, kalamu mkononi. Alikuwa amefanya kazi ile miaka kumi na moja na hakujua nyingine. Mkono wake ulishuka mpaka karatasi ikaguswa na wino, nukta moja. Akaigeuza karatasi, akaandika upande wa pili mpaka ikajaa.

Kamati ilimvua madaraka ya kupanga mipango kwa mwaka mzima, ikambakiza kama mlezi wa kawaida chini ya Shangazi. Mkuu hakumsemesha miezi miwili. Kipepeo hakupelekwa Nyumba Kubwa. Alirudi maboksini akiwa na kovu dogo chini ya taya na mazoea mapya ya kugonga bega la kulia kwenye kila mlango. Hakujipiga tena. Mama Tiki alimfungia viatu, alimfutia mdomo, alimshika mkono kwenye ngazi, na kila mara alipomjia kwa upande wa kulia msichana alishtuka mwili mzima.

Saa kumi mshonaji alikuja kumchukua binti yake. Alimsalimu Shangazi, alimsalimu mlinzi, akapita. Ikawa hivyo siku hadi siku, mpaka mvua zikaisha. Kisha alasiri moja akasimama.

"Kesho ana miadi ya jicho," akasema, akitazama ukuta. "Yule daktari anaongea haraka, simwelewi. Uje saa mbili. Ukichelewa naingia."

Mama Tiki alikuwa kwenye geti la hospitali saa moja. Daktari hakuwa na jipya: lile limekwenda, lilindeni lililobaki. Mama Tiki akamtafsiria mshonaji neno kwa neno, mara mbili, na mshonaji akaitikia kwa kichwa kila mara kama mtu anayepokea mzigo alioujua uzito wake.

Walipotoka barabarani, magari yalikuwa mengi. Mshonaji akamshika binti yake mkono wa kushoto, upande wa jicho zima. "Wewe kaa huko," akamwambia Mama Tiki, akimwonyesha upande wa kulia kwa kidevu.

Mama Tiki akaenda upande huo, akashika ule mkono. Kipepeo akashtuka. Akageuza kichwa chote, kutoka bega hadi bega, mpaka jicho lake la kushoto likampata mtu aliyemshika. Akamtazama muda mrefu, katikati ya honi za magari, bila mtu yeyote kujua anawaza nini. Kisha akageuka mbele, wakavuka.